Mpira Hausemi Uongo

"Faulo!" Tavion alipiga kelele, na papo hapo akajua kwamba hakuna aliyemgusa.

Mpira wa kikapu ulikuwa umemponyoka wenyewe. Lakini lilibaki bao moja mchezo uishe, wanaofungwa wanatoka uwanjani, na nje ya uzio alisimama kocha wa shule, yule aliyemwambia mwaka jana, "Mchezaji asiyejua kulenga kikapu wa nini?" Kesho anapanga timu.

"Mimi nimekugusa?" aliuliza mzee mmoja, mfanyakazi wa posta, aliyekuwa akimkaba. Kiangazi kizima mzee huyo ndiye aliyesimama chini ya goli akimrudishia mipira, akimfundisha kuuachia mpira kwa vidole viwili. "Hebu niangalie, dogo. Nimekugusa?"

"Umenipiga mkono."

Wenzao wakazomea. "Mwongo huyo! Arushe!"

Ndivyo wanavyoamua ubishi kwenye viwanja vya mitaani Chicago. Anayelalamika anarusha, ukiingia, amesema kweli, kwani mpira hausemi uongo.

Tavion alisimama kwenye mstari. Ncha za vidole vyake viwili zilikuwa zimeota sugu, ngumu kama kucha. Mzee akaenda chini ya goli, pale pale pake, akakinga mikono.

Usiingie, Tavion aliomba moyoni. Nitatoka, nitakwenda zangu nyumbani, ila usiingie.

Mkono ukainuka. Vidole vikafanya kama vilivyofunzwa.

Minyororo ya wavu ikalia, cha!

Mzee aliudaka mpira, akautazama kidogo, kisha akamletea mkononi.

"Basi nilikugusa, mwanangu," alisema. "Nisamehe."