Mlezi wa Chura

Kati ya mama yangu na chura wa mwisho wa maporomoko yetu, nani anastahili maji ya asubuhi?

Tangu Sera ya Bioanuwai ilipokabidhi kila kaya kiumbe kimoja adimu, bafu letu limekuwa makazi ya chura wa manjano, mdogo kama ukucha. Maji hugawiwa kwa idadi ya wakazi, nami, kwa kuwa naishi chuoni, sihesabiwi. Mgao wa mama hunyunyiziwa chura. Yeye mwenyewe, na vidonda vyake vya miguu, hujipangusa kwa kitambaa. Fomu ya kuomba tupewe chura huyu niliijaza mimi, kwa furaha.

"Tunamfuga mwaka wa nne sasa," mama alimwambia mkaguzi wa Sera, aliyekuja nikiwa nyumbani likizo.

"Analelewa, mama. Sera haisemi kufugwa."

"Basi anayefugwa ni mimi, mwanangu."

Mkaguzi alifuta neno kwenye daftari lake, akauliza kama tunamrudisha chura. Wote tulijua kwamba vyura wa kaya nyingine waliorudishwa kwenye kituo cha uhifadhi hawakumaliza wiki.

Niliitazama miguu ya mama.

"Niandike mkazi wa nyumba hii," nikamwambia mkaguzi. "Chuo nimeacha. Mgao wangu apewe chura, mama aoge."