Pingamizi la Ishirini na Tatu

"Hapana," Kigingi aliandika, akatuma kabla chai yake haijapoa.

Lilikuwa pingamizi lake la ishirini na mbili dhidi ya mtu yuleyule.

Jina la Kigingi alipewa na wenzake wa Ngazi, lugha ya kuandikia programu ambayo haina mwenyewe. Msimbo wake uko wazi, na yeyote mwenye kompyuta na kichwa kigumu anaweza kupendekeza ibadilishwe. Kwenye ukurasa wa mijadala hakuna anayemjua mwenzake kwa sura. Hawakujua kwamba Kigingi ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, anayetunza programu za maabara ya hospitali na kuvimba miguu kila jioni. Walichojua ni kwamba hang'oki.

Adui yake alijiita Kisu, na kazi ya Kisu ilikuwa kukata. Kila alichoona kimechakaa katika lugha alipendekeza kiondolewe. Kila alipopendekeza, Kigingi alipinga. Safari hii Kisu alitaka kuikata amri ya "ruka", ile inayoiambia programu iache mistari kadhaa iendelee mbele. Amri ya kizamani, huzaa makosa kama panya. Wote walikubali iende, isipokuwa mmoja.

Na mmoja alitosha. Sheria ya Ngazi ni fupi: kila pingamizi lenye hoja hujibiwa na mwenye pendekezo mwenyewe, kwa maneno yake, ndani ya siku saba. Asipojibu, pendekezo limekufa. Akijibu, mpinzani ana haki ya kupinga tena.

"Mama, utamuua huyo mtu," alisema fundi wa mitambo, aliyekuwa meza ya pili akifungua printa ya vibandiko vya chupa za damu. "Mnagombana kama mke na mume. Si umwachie tu?"

"Nimwachie kwa nini?"

"Kwa sababu sisi hatuitumii hiyo ruka. Uliiondoa mwenyewe mwaka juzi, nikiona kwa macho yangu haya."

"Shughulika na printa yako."

Fundi akacheka, akainamia skrini ya Kigingi. "Halafu huyu naye na kuku zake! Kila mfano ni kuku. 'Kuku wakitimia saba, funga banda.' Mtu mzima!"

"Mfano mzuri huo," Kigingi alimkatiza. "Hata mtoto anauelewa."

Mchana alitoka kwenye ngazi za nyuma akampigia bintiye. Binti akaanza na maswali yake. Presha? Iko sawa. Dawa? Amekunywa.

"Na kaka yako?" Kigingi aliuliza.

"Mama, yule tangu tumzike baba hataki kumsikia mtu. Namba amebadilisha, nyumba amehama. Mwaka wa nne huu. Utalia mpaka lini?"

"Nani kalia? Kula vizuri."

Aliporudi, jibu la Kisu lilikuwa limeshafika. Kisu hakuwahi kungoja siku saba. Kigingi alilisoma mara mbili, polepole, kama mgonjwa anayesoma cheti chake.

"Nimechoka nawe," Kisu alikuwa amemalizia. "Mafua yamenishika wiki ya pili na bado nakujibu. Ujue hili ni pendekezo langu la mwisho. Lipite lisipite, naondoka Ngazi. Nimepata kazi isiyo na mijadala."

Kigingi aliandika: "Kunywa maji ya moto ujifunike." Akafuta.

Hoja zilikuwa zimemwishia, na pingamizi lisilo na hoja hufutwa siku hiyohiyo. Basi akachimba. Siku tatu mfululizo aliandikia maabara moja baada ya nyingine, akasoma miongozo iliyooza kwa vumbi, mpaka akapata kitu: mashine za kupimia damu za zahanati ndogo, mamia, zilizofungwa na kiwanda ambacho hakipo tena. Zote zilitegemea ruka. Ikiondolewa, zinazima.

Aliandika kurasa tatu. Halikuwa na tundu hata moja, lilikuwa pingamizi bora kuliko yote aliyowahi kuandika. Akatuma. Kulijibu hili, Kisu angehitaji kurasa kumi. Pengine majuma mawili. Pengine mwezi wa kuvutana.

Jibu lilikuja baada ya dakika arobaini. Fundi ndiye aliyeliona kwanza.

"Mama! Umeshinda!" Alipiga meza hadi bisibisi zikaanguka. "Sikiliza: 'Umesema kweli, Kigingi. Mashine hizo sikuzifikiria. Ruka ibaki. Naondoa pendekezo langu. Kwaherini nyote.'"

Chini yake ulikuwa umetokea mstari wa kijivu: Mjadala umefungwa. Hakuna anayeweza kuandika hapa tena.

Kigingi alijaribu kuandika hata hivyo. Vitufe vililia, neno halikutokea.

"Leo soda juu yangu," fundi alisema. "Mbona umejikunyata hivyo? Umemng'oa adui yako!"

Kigingi alikuwa akipandisha ukurasa, jibu moja baada ya jingine, mpaka la kwanza kabisa, lenye kuku wakitimia saba. Mfano ule aliuandika yeye mwenyewe, kwa penseli, kwenye meza ya jikoni, katika daftari la mwanawe wa kiume, kifunguamimba wake, naye akiwa na miaka minane akamuuliza: "Mama, kwani kuku hawawezi kujifungia banda wenyewe?"