Viputo Ukutani

Taa nyekundu ya kipaza sauti, ya wito kutoka chumba cha pili, iliwaka mara ya tatu, na kwa mara ya tatu daktari akajifanya hakuiona.

Wanafunzi walimwita Hakosei, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chake. Alikuwa na desturi moja: akianza kufundisha, sauti ya chumba cha pili huizima. Wa kule wamsikie yeye. Yeye hataki kukatizwa. Huko alikuwako muuguzi wa mashine pamoja na binti wa pekee wa daktari, ambaye baba yake alimpenda kupita kiasi. Binti alikuwa buheri wa afya, amejitolea kulala kitandani na kuchomwa dawa ya kipimo ili wanafunzi waone ini lisilo na ugonjwa. Lakini kwanza, rekodi ya picha za mgonjwa mwingine.

"Haya, rekodi hiyo," alisema picha ilipotokea ukutani. "Dawa anayochomwa ni viputo vya gesi, vidogo kuliko chembe ya damu. Damu inapopita, navyo vinapita. Mshika kifaa akiondoa mkono tumboni, picha imepotea, na viputo havimngojei mtu."

Ini likaanza kung'aa. Pembeni, doa dogo kama punje ya mahindi lilikuwa limeshakuwa jeupe pepepe.

"Mnaliona? Kama mgeni anayenawa mikono kabla ya wenyeji."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Ini ukutani nalo likatikisika.

"Mwalimu," aliuliza kijana wa mbele, "mgonjwa naye anacheka?"

"Alikuwa anakohoa. Wewe angalia doa."

Dakika haikwisha. Ini zima lilikuwa bado linang'aa, ila doa lilikuwa limegeuka jeusi tii.

"Lingekuwa la heri, lingebaki na viputo vyake," alisema Hakosei. "Hili limevitema mapema. Ni saratani, tena imesambaa kutoka kwingine. Mimi sizungushi maneno: huyu hamalizi mwaka. Ndugu zake wajiandae."

Picha ukutani, iliyokuwa ikipanda na kushuka taratibu, ikatulia tuli. Taa nyekundu ikawaka tena, na safari hii haikuzimika.

"Maskini," alinong'ona msichana wa nyuma.

"Huruma waachie wenyewe. Sisi kazi yetu ni kuona." Alifuta miwani, moyo wake mweupe kabisa. "Sasa tupumzishe macho kwa ini zuri."

Akafungua sauti ya chumba cha pili.

"Muuguzi, toa rekodi. Tuonyeshe binti yangu."

Ikaja sauti ya muuguzi, imekauka.

"Mwalimu, rekodi iligoma tangu mwanzo, nikaanza na aliye kitandani. Nimekuita mara nne."

Nyuma yake ikasikika sauti nyingine, nyembamba, ya mtu aliyebana pumzi kwa muda mrefu.

"Baba, nipumue sasa?"