Jibu la Mama Raya

Kijana aliyekuja kununua cherehani ya Mama Raya alikwisha kuifunga kamba juu ya mkokoteni. Kwa adabu tu, akamuuliza Mzee Shomvi, "Mkono wa mama umepona?"

"Hapana," akajibu Mzee Shomvi.

Katika mji ule mtu hajibu hivyo. Akiulizwa kama ameoa, kama amejenga, kama amepata mtoto, hata awe na mvi kichwa kizima, husema bado, maana ukisema hapana umemfungia Mungu mlango. Mzee Shomvi alikuwa amechoka, akasahau.

Mkewe, Mama Raya, alimsikia akiwa ndani. Alitoka taratibu, mkono wa kulia umelala kifuani kama ulivyolala tangu alipopata kiharusi.

"Baba Raya, mkono ni wako?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Haya mwanangu, niulize mimi mwenyewe," Mama Raya akamwambia mnunuzi.

Kijana akamuuliza, "Mama, mkono umeshapona?"

"Bado. Na cherehani nayo bado siiuzi. Ishushe."

Mzee Shomvi mwenyewe ndiye aliyefungua kamba. Wakaiweka barazani, akamletea mkewe kigoda. Mama Raya alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akaushika kwa vidole vya mkono ule mgonjwa, akaunyanyua kuelekea sindano. Mumewe alitaka kumsaidia, akajizuia.

Uzi ulitetemeka mbele ya tundu, ukapita pembeni, ukarudi.