Kiti cha Teunis

"Kama Mungu anatosha bila chanjo, basi bomoeni na lile tuta linalozuia bahari isitufunike," nilimwambia mdogo wangu Teunis. "Maji ayazuie mwenyewe."

Wageni waliacha kutafuna. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama, na tulikuwa tumekaa kwa duara kama kawaida, kila mtu na kahawa yake na kipande kimoja cha keki. Surua ilikuwa imeingia kijijini, na binti wa Teunis alikuwa hajachanjwa.

"Nesi wetu anajua kila kitu," alisema Teunis. "Haya, msomi, niambie mimi naamini nini."

"Unaamini dawa ni dhambi."

"Hapana."

"Unaamini mtoto akifa, ni sawa tu."

"Koma! Miaka yote unanicheka, na hata unachokicheka hukijui!"

Nilikuwa na jibu tayari, la kumkata maini. Kisha nikauona uma wake. Alikuwa ameisaga keki yake mpaka ikawa uji, bila kuionja, na mkono ulikuwa bado unasaga.

Nikalimeza lile jibu.

"Kweli, sijui," nikasema. "Nilidhani najua. Nieleze."

Teunis akawatazama wazee wa kanisa waliokaa kulia na kushoto kwake.

Kwenye duara letu hakuna anayehamisha kiti mpaka sherehe iishe. Teunis akasimama, akanyanyua chake, akaja nacho upande wangu.