Ukurasa Mzima

Darcy alikuwa akiswaga ng'ombe kwa pikipiki aliposikia sauti ya binti yake kwenye redio ya kazini. Binti alikuwa anasoma.

Mtoto alikuwa nyumbani na mpishi. Mama yake, dereva wa lori la maji, humfundisha kwa redio huku anaendesha, ila leo alikosea chaneli na wachungaji wote wakawa wanasikia. Mwalimu wa mjini alishaonya: mtoto asiposoma ukurasa mzima kufikia Ijumaa, aende shule ya bweni, safari ya siku nzima kwa gari. Ana miaka minane.

"Bosi, leo tunasomeshwa bure!" mchungaji wa karibu alimpigia kelele.

"Funga domo. Na hiyo pikipiki uizime."

Pikipiki zikazimika moja baada ya nyingine, mpaka ile ya mwisho kabisa kule kwenye vumbi.

"Mawimbi ya-na-yo..." Mtoto akakwama. "Mama, sijui."

"Unajua, mwanangu. Polepole."

Darcy aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu, lakini neno hilo alilijua. Kidole gumba chake, chenye ukucha mweusi uliobanwa na geti, kilikuwa juu ya kitufe cha redio. Akakiondoa.

"Ya-na-yo-po-ro-mo-ka. Yanayoporomoka! Mawimbi yanayoporomoka ufukweni."

Bahari yenyewe mtoto hajawahi kuiona. Akasoma mstari uliofuata, na mwingine, na mwingine.

Ng'ombe waliokusanywa asubuhi nzima walianza kurudi vichakani, mmoja mmoja. Hakuna aliyewasha pikipiki.