Ameiva au Bado

Kwa mara ya tatu Bi Sikudhani aliketi kwenye kigoda chake na kile kidude cha serikali mapajani, mgongo ukimuuma. Kilikuwa na vitufe viwili tu. Sheria ilitaka rais mteule aishi kwanza kwa raia wa kawaida hadi mwenyeji wake aseme ameiva. Akibonyeza AMEIVA, rais mteule Lwambano anaondoka hapo nyumbani kwenda kuapishwa. Akibonyeza BADO, anabaki kwake siku arobaini nyingine, alale kwenye kochi na kufua nguo zake mwenyewe.

"Shoga, mwachie baba wa watu akaapishwe," jirani yake, Mama Mbonde, alimwambia dirishani. "Nchi haina rais tangu masika."

"Na ndoo zako si umejazia hapa asubuhi?"

Mama Mbonde akaondoka dirishani. Mtaa mzima ulijua bomba la Bi Sikudhani lilianza kutoa maji siku mteule alipohamia.

Bi Sikudhani alikuwa amechoka. Walinzi wa mteule walimmalizia sabuni, na mteule mwenyewe alikoroma kama trekta. Lakini akalikumbuka bomba, akabonyeza BADO.

Jikoni, Lwambano alikuwa akisugua sufuria. "Vipi, mama?"

"Bado, mwanangu."

"Nilijua," alisema kwa upole, bila kugeuka. "Kesho wanaleta meza yangu ya kazi. Kitanda chako tutakisogeza uani."